Aliyekaa na Mayai ya Bibi Elinami

Wanaonifahamu hapa Daraja Mbili, Arusha, wataanza kucheka kabla sijafika mbali, na siwalaumu. Mimi ndiye niliyesema mvua ya masika ilinyesha mpaka perege wakaonekana stendi wakisubiri usafiri. Mimi ndiye niliyesema mtihani wa hisabati wa shule ya jioni ulikuwa mgumu mpaka msimamizi akatoka nje kulia. Chumvi natia, sikatai, tena natia kwa kiganja. Lakini haya ya leo sijayatia hata punje. Yalinipata mimi mwenyewe, kwa macho haya mawili, nikiwa nimevaa joho la mahafali na tumboni nina soda moja tu ya tangawizi. Soma taratibu. Kuna jambo nataka nikuonye, na nikilisema sasa hivi hutalielewa.

Kazi yangu ni kutotolesha vifaranga. Nimepanga vyumba viwili: cha mbele nalala mimi, cha nyuma yanalala mayai, na mayai ndiyo yenye chumba kizuri. Mashine yangu haikununuliwa dukani. Ilitengenezwa na fundi mmoja wa Kaloleni kwa mbao za kabati kuukuu, akaitia kioo mlangoni, taa nne, feni ndogo, kipimajoto, na beseni la maji chini kwa ajili ya mvuke. Watu wananiletea mayai yao, nayaandika alama kwa penseli, nayapanga kwenye trei, na siku ya ishirini na moja wanakuja na maboksi kuchukua watoto. Yupo mama mmoja wa Njiro anayeleta trei nne kwa mkupuo. Hashuki kwenye gari, anapiga honi tu, nami natoka mbio kama mlinzi.

Nikueleze kidogo kazi yenyewe, usije ukapotea mbele. Siku kumi na nane za kwanza unayageuza mayai mara tatu kwa siku, kama kuku anavyoyageuza kwa mdomo. Siku ya kumi na nane unaacha kugeuza, unajaza beseni maji, unafunga mlango wa mashine, na hufungui tena mpaka watoto watoke. Hata ukisikia wanalia humo ndani, hufungui. Ukifungua, mvuke unatoka, ile ngozi nyembamba ya ndani ya yai inakauka na kumganda kifaranga kama karatasi yenye gundi. Anakufa huku mdomo wake umeshatokeza nje. Nimewahi kuona, na sipendi kuona tena.

Sasa Bibi Elinami.

Alikuja asubuhi moja ya manyunyu kutoka Poli, kule juu kwenye mteremko wa Meru, kikapu amekikumbatia kifuani. Mama mrefu, amenyooka, umri kama sabini hivi, na kilemba cha kwendea kanisani ingawa siku yenyewe ilikuwa Jumanne.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mwenye kuku wa umeme?"

"Ndiye mimi. Kuku wangu hali pumba, bibi, anakula luku."

Hakucheka. Aliweka kikapu chini akafunua. Mayai kumi na moja, kila moja limeviringishwa kwenye jani kavu la mgomba. Nikamuuliza yana siku ngapi tangu yatagwe, maana yai likikaa sana uhai wake unachoka.

"Mengine wiki mbili," akasema. "Mengine yamezidi. Sikujua kama kuna mashine, nimeambiwa juzi kanisani."

"Bibi, sitaki nikudanganye. Haya ni ya kukaanga. Niletee mapya."

"Hakuna mapya."

Ndipo akanieleza, amesimama vilevile, amekataa kiti. Kuku alikuwa wa mjukuu wake, Naomi. Naomi alilelewa na bibi tangu ananyonya, baada ya mama yake kufariki. Waliishi wawili tu. Kuku huyo alikuwa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, na alikuwa akimfuata yule binti mpaka nusu ya njia ya shule, kisha anarudi peke yake. Masika yaliyopita Naomi alishikwa na homa. Siku nne. Ya sita walimzika, miaka kumi na minne. Kuku akaendelea kutaga, ila akahamia ndani, akawa anatagia juu ya kitanda cha Naomi, na asilalie. Anataga, anashuka, anakwenda zake. Bibi hakuwa na moyo wa kumfukuza wala wa kuyala. Kisha usiku mmoja kicheche akaingia, asubuhi yakabaki manyoya tu.

"Basi ndiyo hayo," akasema. "Katika nyumba ile, kitu cha Naomi chenye uhai ni hicho kilichomo humo. Kama kimo."

Mimi, mtu wa maneno, mtu anayealikwa kwenye harusi za watu asiowajua ili tu aseme, nilinyoosha mikono tu. Nikayapokea.

Siku ya saba akashuka tena mjini, maana nilimwambia siku hiyo tunapima. Kupima ni hivi: unafanya chumba kiwe giza, hata kama ni mchana, unaweka tochi chini ya yai na kuangalia ndani. Nikaziba dirisha kwa blanketi, nikawasha tochi ya simu. La kwanza, tupu. Yai tupu linawaka lote, njano safi. Mwanga unaingia huku unatokea kule, hakuna kinachouzuia. La pili, tupu. La tatu, tupu. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo, natamani nijifanye nimesikia honi nitoke. Manane yalikuwa matupu. Lakini matatu, bwana, matatu yalikuwa na mishipa myekundu myembamba imetawanyika kama mizizi ya mchicha, na katikati kidoa cheusi kinadunda.

"Hicho kinachorukaruka ni nini?"

"Moyo, bibi."

Akaziba mdomo kwa kiganja. Halafu nikamsikia gizani anacheka, kicheko cha mtu ambaye hajakitumia siku nyingi. "Eh! Mdogo hivyo, una haraka ya kwenda wapi?"

Nikayaandika yale matatu herufi E kubwa, nikayaweka trei ya katikati penye joto zuri kuliko pote. Akaniambia, "Mwanangu, nakuachia." Nikamwambia, "Bibi, nitayatunza kuliko ninavyojitunza mimi." Hapo nilitia chumvi, nakiri. Sikujua.

Maana mahafali yetu ya shule ya jioni yaliangukia siku ileile ya kumi na nane. Mimi nimemaliza kidato cha nne nikiwa na miaka thelathini na sita, nimesoma jioni baada ya jioni nikinuka maranda ya kuku, na siku ya kuvaa joho ilipofika nilikuwa na furaha ya kutosha mkoa mzima wa Arusha na nyingine ikabaki ya Manyara. Tena nilichaguliwa niwe mshereheshaji. Asubuhi niligeuza mayai mara ya mwisho, nikajaza beseni, nikafunga mlango wa mashine. Nikajiambia: kazi yangu imekwisha, iliyobaki ni ya umeme.

Sasa sikia kosa langu, na ulipime mwenyewe. Mashine ile ina betri ya gari pembeni, na inveta yake. Umeme ukikatika, betri inashika. Niliichomoa ile betri nikaenda nayo kwenye mahafali. Kwa nini? Kwa ajili ya kipaza sauti. Niliogopa umeme ukikatika katikati ya maneno yangu.

Na ulikatika. Saa nne na kitu asubuhi. Feni za ukumbi zikasimama, taa zikazimika, lakini sauti yangu haikukatika, na watu wakanipigia makofi! Nilisimama pale nimeshika kipaza sauti, na kwa sekunde moja, moja tu, nikaona kichwani mwangu chumba cha nyuma na taa nne zimezimika. Nikajiambia utarudi sasa hivi. Nikaendelea kusema. Nilisema mpaka saa tisa.

Nilifika nyumbani kama saa kumi na moja jioni, joho mwilini, kipande cha keki mkononi, betri begani. Wingu la Meru lilikuwa limeshuka mpaka kwenye mabati, mvua nyembamba, giza la mapema. Jirani yangu Mama Shamsa alikuwa barazani anakaanga vitumbua. Yeye ndiye hukaa na ufunguo wangu wa akiba.

"Msomi!" akapaza. "Umependeza kama jaji. Umeme haujarudi tangu ulipoondoka, nakuambia mapema usinitukanie luku."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi baba. Na huko ndani kwako umemwachia nani anaimba?"

Sikulijibu swali hilo. Lilinipita tu, kichwani nilikuwa na yai. Nilifungua kufuli mwenyewe, kwa ufunguo wangu mwenyewe, nikapita chumba cha mbele, nikasukuma mlango wa nyuma.

Alikuwepo binti ameketi sakafuni, mgongo ameegemeza kwenye mashine. Sweta la shule la kijani. Miguu ameikunja, na mapajani ana kanga, na ndani ya kanga ameyakusanya mayai yale matatu. Mlango wa mashine ulikuwa umefungwa vizuri, kama nilivyouacha.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba. Nani amekufungulia?"

"Yalikuwa yanapoa."

Niamini, sikuogopa hata kidogo. Nilidhani katumwa na bibi, kwamba Mama Shamsa kamwingiza kisha akafunga kwa nje kama anavyowafungia wajukuu zake akienda sokoni. Nilichokisikia ni aibu. Mtoto wa watu amekaa kwenye saruji baridi anafanya kazi yangu, na mimi nimevaa joho. Na mtu mwenye aibu anafoka, si unajua?

"Nani kakuambia uyatoe? Leo ni siku ya kumi na nane! Hayatolewi!"

Aliinua yai moja mpaka karibu na midomo, akatoa sauti ya koo, ile ndogo ya chini ambayo kuku humwitia mtoto wake. Na yai likajibu. Piii. Yai la siku ya kumi na nane halijibu, ni mapema mno, kelele huanza kesho yake au keshokutwa. Akainua la pili, likajibu. La tatu, likajibu. Nikapeleka mkono kwenye mashine nikagusa mbao. Baridi kama tumbo la chura. Kisha nikagusa moja ya yale ya kwenye kanga. Lilikuwa na joto la kwapa.

Nikataka kuhakikisha. Mazoea ya kazi, basi. Nikatoa simu, nikawasha tochi. Yeye akaelewa, akaliinua yai kwa vidole viwili, kiganja chake kikiwa chini ya yai, akaniwekea vizuri kama mtu aliyezoea. Nikamulika kutoka chini.

Yai lilikuwa sawa. Jeusi, limejaa, nafasi ndogo ya hewa juu, kama inavyotakiwa. Lakini mwanga ulipita kwanza kwenye kiganja chake. Wewe chukua tochi, uiweke nyuma ya vidole vyako gizani: utaona wekundu, na kivuli cha mfupa ukitazama vizuri. Kiganja chake kiliwaka chote. Njano safi. Mwanga uliingia huku ukatokea kule, hakuna mfupa, hakuna damu, hakuna kinachouzuia. Nimepima maelfu ya mayai maishani mwangu. Najua kitu kitupu kinavyowaka.

Sikuweza kuzima tochi. Kidole kiligoma. Yeye hakuukwepa mwanga, aliniangalia tu, na uso wake haukuwa wa kutisha. Ulikuwa umechoka. Uso wa mtoto aliyechota maji mbali.

"Kaka," akasema, "usimwambie bibi kama nilikuja."

Nikashusha simu, mwanga ukaangukia sakafuni.

"Bibi hajui kuacha kusubiri. Ukimwambia atakaa. Mwache achukue kuku wake aende nyumbani."

Umeme ukarudi. Taa zikawaka zote kwa pamoja, feni ikaanza kulia, na kwenye sakafu hapakuwa na mtu. Hapakuwa na kanga. Kwenye kioo cha mashine niliyaona mayai yale matatu yamelala trei ya katikati, herufi E zikiangalia juu. Nikapiga ukelele. Wanasema ulisikika mpaka Njiro, na safari hii siyo mimi niliyesema. Nilitoka na mlango, joho likanasa kwenye kitasa likapasuka mgongo mzima, na Mama Shamsa akaja mbio na upawa wa mafuta ya moto akidhani ni mwizi.

"Ulimfungulia nani?" nikamuuliza. "Nani ulimpa ufunguo?"

"Ufunguo wako huu hapa shingoni mwangu tangu asubuhi. Sijamfungulia mtu. Nimesikia tu sauti ya kike inaimba taratibu nikajua msomi naye kapata mwenzake." Kisha akanitazama vizuri, akashusha upawa. "Astaghfirullah. Ingia kwangu ukae."

Kama hadithi ingeishia hapo, ningekuwa naisimulia kwenye harusi. Ingekuwa tamu. Mayai yalikuwa hai, mashine imewaka, na mimi nimeombwa kitu kimoja, kidogo, ambacho hata bubu angekiweza.

Kesho yake asubuhi Bibi Elinami akaja. Sikumwita. Alisema hakupata usingizi, akaona aje akae karibu. Nilimpa stuli chumba cha nyuma, nikampa chai. Akaweka sikio kwenye mbao za mashine. Sasa kelele zilikuwa zimeanza kwa wakati wake, trei zote, piii piii piii, na yeye akafumba macho. Kisha machozi yakaanza kushuka, hayana sauti, yanashuka tu na kuingia kwenye chai.

"Ningejua tu kama Naomi hasikii baridi," akasema. "Ndicho kinachoniamsha. Nilimzika siku ya mvua. Naamka nawaza, mtoto anasikia baridi."

Na mimi nikamwambia.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Sitasema ni huruma tu, ingawa ilikuwepo. Mdomo wangu hauwezi kukaa na kitu kikubwa kiasi kile, ulikuwa unaniwasha tangu usiku. Nikamwambia yote: sweta, kanga, miguu alivyoikunja, mgongo alivyouegemeza hapa hapa penye mashine, mayai alivyoyaweka mapajani, sauti aliyoyaitia. Nikamwonyesha kwa mikono. Nilipoanza kusimulia nikanogewa. Kitu kimoja tu sikukisema, mkono ule. Na maneno aliyoniomba niliyasema mwisho kabisa, harakaharaka, nikijua ni maneno yasiyofaa kitu tena.

Bibi alisikiliza bila kupepesa.

"Sweta lilikuwa na kiwiko kizima?"

"Kimoja kilikuwa kimeshonwa. Kwa uzi mwekundu."

"Uzi wa kijani uliniishia," akasema. Akaweka kikombe chini taratibu. "Tulimzika nalo."

Hakuondoka siku hiyo. Mama Shamsa alimbembeleza alale kwake, akakataa. Nilimtandikia godoro chumba cha nyuma akalala hapo, au hakulala, sijui. Nilimsikia usiku kucha anaongea Kimeru kwa sauti ya chini. Mimi Kimeru sikijui. Jina la Naomi nililijua.

Siku ya ishirini mayai yakaanza kutoboka. Yale matatu ya E yalitangulia: kila moja kijitobo kidogo na ncha ya mdomo inapumua. Nikamwita bibi aone kupitia kioo. Akacheka tena kile kicheko chake. Nikamkumbusha, "Bibi, hatufungui. Mpaka kesho." Akaitika. Mchana mama wa Njiro akapiga simu anataka nimpelekee maranda na chakula cha vifaranga awe tayari, nikaona niende mara moja nirudi. Nilichelewa. Mvua, foleni, na maneno yangu mwenyewe. Nilisimama getini kwake nasimulia mahafali.

Niliporudi nilisikia ukimya kabla sijafika mlangoni. Umeme ulikuwepo, taa zinawaka, feni inazunguka. Mlango wa mashine ulikuwa wazi, umeegemezwa kwa ndoo ili usijifunge. Bibi Elinami ameketi sakafuni, mgongo ameegemeza kwenye mashine, miguu ameikunja kwa shida, magoti ya miaka sabini, na kanga mapajani. Mayai yale matatu yamo ndani ya kanga. Amenyanyua moja karibu na midomo, anaita kwa ile sauti ya koo niliyomwonyesha mimi.

"Bibi! Umefanya nini?"

Alinitazama kama mtu aliyekatizwa sala. "Ndivyo alivyokaa. Si ulisema alikaa hivi?"

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu ulipotoka. Nilisema nikikaa kama yeye, atakuja kunionyesha vizuri."

Nilipiga magoti pale saruji. Nikayachukua moja moja. Ngozi ya ndani ilikuwa imekauka, nyeupe, imebana kama ngoma. Nikachemsha maji, nikayaacha yawe vuguvugu, nikachukua pamba nikawa nalowesha pembeni ya vile vijitobo, tone kwa tone, huku namwomba Mungu kwa maneno ambayo shule haikunifundisha. Mawili hayakuwa yanapumua tena. La tatu lilipumua. Bibi alishika bakuli, mimi nikashika pamba. Jioni ilipoingia nilibandua ganda kipande kwa kipande, kitu ambacho kwa kawaida sikifanyi, na kifaranga akatoka kiganjani mwa bibi, kishingo kabisa, shingo tupu nyekundu. Alikuwa hai. Alifungua jicho moja. Nadhani aliishi muda wa kuimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani, maana bibi aliuimba, na ulipokwisha naye alikuwa amekwisha.

Kwenye zile trei nyingine walipona wachache. Asubuhi niliwatia sita kwenye boksi lenye maranda, nikampelekea bibi.

"Hawa ni wa nani?" akauliza.

"Wa mama mmoja wa Njiro. Hatajua, bibi. Nitamalizana naye."

"Mpe mama wa Njiro watoto wake, mwanangu."

Akawafunga wale watatu kwenye majani ya mgomba yaleyale aliyokuja nayo, akawaweka kwenye kikapu akapanda kwao kwenda kuwazika. Sikumwona analia. Nilidhani sitamwona tena.

Baada ya wiki kadhaa nilipotia mayai mapya, siku ya kumi na nane asubuhi nikamkuta mlangoni, na kilemba chake. "Shikamoo bibi." "Marahaba. Leo ndiyo siku yake?" Akapita ndani, akakaa sakafuni penye mashine. Safari hii hakugusa kitu. Alikaa mpaka watoto wakatoka, akanishukuru, akaondoka. Na raundi iliyofuata alikuja. Na iliyofuata. Mwaka na zaidi sasa. Ameacha kahawa yake inaanguka chini bila kuchumwa, ng'ombe amempa jirani, magoti yamevimba, na kila akishuka anakuwa mwembamba kuliko alivyokuja. Kanisani wamemwuliza, amewaambia ana mgonjwa mjini.

Nilijaribu kubomoa nilichojenga. Siku moja nilikaa chini pembeni yake nikamwambia: "Bibi, nisamehe. Yale nilitunga. Watu wote hapa wananijua, mimi ni mwongo wa kuzaliwa. Hapakuwa na mtu."

Alinipapasa mkono kama mtu anayemtuliza mtoto mgonjwa.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Wewe ukitunga huwa unacheka."

Binti hajarudi. Hata mara moja. Sijui kama ni kwa sababu nilimsaliti, au kwa sababu alikuja kwa ajili ya yale matatu na yale matatu hayapo. Nimefikiria kuuza mashine. Lakini nikiiuza, bibi atakaa wapi? Angalau hapa pana joto.

Kwa hiyo onyo langu ni hili, na nakusihi usilichukulie kama maneno ya mshereheshaji. Siku ukikutana na marehemu wa mtu, nawe ukaombwa ukae kimya, kaa kimya. Usijidanganye kwamba unakwenda kumfariji aliyebaki. Unakwenda kumfungulia mlango, kisha wewe utarudi kwenye shughuli zako na yeye ndiye atakayekaa pale akiuangalia. Meza. Ikikukaba, meza na maji.

Leo ni siku ya kumi na nane. Naandika haya chumba cha mbele, na bibi yuko nyuma tangu alfajiri. Sasa hivi ameniomba nizime taa ya chumba, anasema labda mwanga ndio unaomzuia mtoto. Nimekwenda nimeizima.